Maharagi: tarehe ya kupanda, ao dawa ya chupa?



Kila msimu B, wakati maharagi yanakaribia kuchanua, swali moja linarudi katika mikutano: tununue ile dawa ya kuongeza maua, yenye wauzaji wanasifu pale sokoni? Mbele ya kujibu, sisi tunauliza: mulipanda siku gani?

Huku kwetu kwenye milima ya Kivu, mvua ya msimu B inaanza Februari na inakatika karibu na mwezi wa 6. Maharagi mafupi yanaiva kwa miezi 3 hivi. Yale ya kupanda miti yanaomba mpaka miezi 4 kwenye baridi. Basi tuhesabu. Ukipanda ya miti tarehe 1 Machi, maganda yanajaa mwezi wa 5, udongo ungali na maji. Ukipanda tarehe 10 Aprili, maua yanakuta kiangazi na yanaanguka.

Hizo dawa zinafanya nini? Kila mmea uko na homoni zake, kidogo sana, zinazoamuru kurefuka, kuchanua na kuangusha maua. Dawa nyingine zinaiga homoni hizo. Kipimo kikizidi, jibereline kwa mfano inarefusha shina, linakuwa jembamba na mmea unalala. Tena homoni haileti maji wala mbolea. Chupa nyingine ni mbolea ya majani tu. Kama karatasi ya chupa haisemi kilichomo na kipimo chake, acheni franka zenu mfukoni.

Wenye kutaka kuhakikisha, wajaribu kidogo kwanza. Pimeni vipande 4 vya metre 5 kwa 5, udongo wa namna moja, mbegu moja:

1. Kupanda mapema, bila dawa.
2. Kupanda mapema, na dawa.
3. Kuchelewa majuma 4, bila dawa.
4. Kuchelewa majuma 4, na dawa.

Kisha mavuno, anikeni, pimeni kilo za kila kipande, zidisheni mara 400: hizo ni kilo kwa hekta. Ondoeni bei ya dawa. Kama kipande cha 2 hakipiti cha 1 kwa faida, pesa ya chupa inunue mbegu nzuri na miti.

Kwa hiyo Januari ndiyo ya kazi: kulima, kuchagua mbegu, kukata miti. Mvua ikishika, mbegu iwe tayari mkononi.