Siku mbili tatu Lisbon: anza na dhahabu ya Kilwa

Wasafiri wengi wa kwetu wanaobahatika kupita Lisbon, mji mkuu wa Ureno, hufuata mkumbo. Wanapanda tramu namba 28, wanapiga picha kwenye mnara wa Belém, wanapitia madukani, safari imekwisha. Naona ni hasara kubwa. Mji huu una kitu ambacho mtu wa Pwani ya Afrika Mashariki ana sababu ya kukitazama kuliko mgeni mwingine yeyote, na ratiba ya siku mbili tatu ingefaa ianzie hapo.

Kitu chenyewe kimo katika makumbusho ya taifa ya sanaa za kale, Museu Nacional de Arte Antiga, mtaa wa Janelas Verdes. Ni monstransi ya Belém, chombo ambacho Wakatoliki huwekea Ekaristi ili waumini waiabudu. Mfua dhahabu Gil Vicente aliikamilisha mwaka 1506 kwa amri ya Mfalme Manuel wa Kwanza. Ukisogea karibu na kioo utawaona mitume kumi na wawili, wadogo kabisa, wamepiga magoti kwa duara, mavazi yao yamenakshiwa kwa rangi. Ni kazi ya mikono ya kustaajabisha.

Dhahabu yake ilitoka Kilwa. Mwaka 1502, katika safari yake ya pili, Vasco da Gama alitia nanga pale na meli zake za mizinga, akamlazimisha mtawala, Amir Ibrahim, kumlipa kodi mfalme wa Ureno. Mwaka uliofuata dhahabu ikawasili Lisbon. Watu wa Kilwa walikuwa wameipata kwa biashara ya bandari ya Sofala, ambako ililetwa kutoka bara, katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe. Na kulipa hakukuwaokoa. Mwaka 1505, monstransi ikiwa bado haijakamilika, kamanda wa Ureno Francisco de Almeida aliishambulia Kilwa na kuipora, kisha akaenda kuichoma Mombasa.

Ukishaiona monstransi, panda tramu namba 15 uelekee Belém, kando ya mto Tejo, na utayatazama mawe ya huko kwa jicho jingine. Monasteri ya Jerónimos ilijengwa kwa sehemu ya ushuru uliotozwa kwenye biashara ya viungo na mali nyingine za Afrika na Asia. Mafundi walichonga kamba za meli na alama za bahari kwenye kuta na nguzo. Ndani ya kanisa lake limo kaburi la Vasco da Gama, na ng'ambo yake la mshairi Camões. Monasteri hiyo iliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya Unesco mwaka 1983. Magofu ya Kilwa Kisiwani yalitangulia, 1981.

Siku ya pili itoshe kwa mji wenyewe. Tarehe 1 Novemba 1755, sikukuu ya Watakatifu Wote, Lisbon ilipigwa na tetemeko, mawimbi ya tsunami na moto, vyote kwa pamoja. Baixa, kitovu cha biashara, ilijengwa upya kwa mitaa iliyonyooka. Alfama, upande wa pili, ilinusurika kwa sehemu kubwa, na mtu aliyezoea vichochoro vya Mji Mkongwe wa Zanzibar atajiona mwenyeji. Jirani yake ni Mouraria, waliposukumwa Waislamu baada ya Wakristo kuuteka mji mwaka 1147. Leo hapo migahawa ya halali ni mingi, hasa ya Wabangladeshi.

Sasa maandalizi. Ombi la visa ya Schengen hupokewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na lisiwasilishwe zikiwa zimebaki chini ya siku kumi na tano. Usingoje hizo za mwisho, maana miadi yenyewe huwa adimu. Bima ya safari iwe na kinga ya angalau euro 30,000. Aprili, Mei, Septemba na Oktoba hali ya hewa ni nzuri. Julai na Agosti ni joto na msongamano. Beba viatu vyenye soli ya kushika, kwa kuwa njia za miguu zimesakafiwa vijiwe vinavyoteleza na mji ni vilima vitupu. Ndani ya tramu 28 linda mfuko wako. Jumatatu makumbusho na monasteri hufungwa, basi usiipange kuwa siku yako ya kwanza.

Ombi langu kwa msomaji ni moja. Kama hujawahi kufika Kilwa Kisiwani, nenda huko kwanza. Kutoka Kilwa Masoko ni mwendo mfupi wa mashua, na hakuna visa.