Panya Hawakai Ukutani Bure

Nyumba nyingi za Kahama, Katoro na Nyarugusu hujengwa kwa tofali za kuchoma zilizounganishwa kwa udongo. Saruji ni ghali. Hubanwa ikatosha msingi na plasta ya upande wa barabarani. Udongo ukikauka humomonyoka kati ya tofali na tofali, na kule juu, bati linapolala kwenye ukuta, kila tuta la bati huacha uwazi. Fundi huulizwa habari za mvua na upepo, za panya haulizwi. Waliosema panya wengi hawachimbi shimo hawakuwahi kupanga chumba Katoro. Huko hata kuchimba hawahitaji, mashimo wanayakuta tayari.

Vurugu za usiku huzidi baada ya mavuno, na chanzo chake kiko shambani. Panya shamba, Mastomys natalensis kwa jina la kitaalamu, amechunguzwa kwa miaka mingi na watafiti wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Antwerp, Ubelgiji. Jike anaweza kuwa na chuchu 24, na kuzaa watoto zaidi ya kumi kwa mkupuo si ajabu kwake. Watafiti hao walionyesha kwamba mvua zikinyesha kwa wingi mapema, mwishoni mwa mwaka, majani na mbegu huwahi, panya nao huwahi kuzaa, na watoto wa mwanzo hukua wakazaa wenyewe msimu uleule. Ndiyo milipuko ile ambayo mkulima huiona kama mkosi.

Mpunga na mahindi yakishavunwa, chakula kimehama. Kiko ndani ya nyumba, kwenye magunia, pamoja na michembe ya viazi vitamu ambayo hakuna nyumba ya Usukumani isiyoijua. Panya hukifuata. Ndani humkuta mwenyeji, panya mweusi wa nyumbani, Rattus rattus, mkwezi hodari anayependa dari, na mijini yumo pia kipanya mdogo wa rangi ya kijivu anayepita kwenye tundu la unene wa kalamu ya risasi, milimita 6 hivi.

Kwa nini ukuta? Panya haoni vizuri. Anatembea kwa sharubu zake, ubavu ukigusa kitu, na njia akishaizoea huipita kila usiku hadi inaacha alama nyeusi ya mafuta ya manyoya. Ukuta kwake ni barabara na maficho kwa pamoja, ila hauliki. Chakula kikikosekana chumbani, ukuta peke yake haumweki.

Watu wengi huanza na sumu, na hapo ndipo ninapotofautiana nao. Zipo za aina mbili kuu. Unga wa kijivu wa zinki fosfaidi, ukikutana na asidi ya tumboni, hutoa gesi ya fosfini inayoua kwa saa chache. Lakini panya aliyeonja kidogo akanusurika hairudii tena ladha ile. Aina ya pili ina historia ambayo wafugaji wa Shinyanga wataielewa, kwa sababu ilianzia kwa ng'ombe. Miaka ya 1930, huko Wisconsin, Marekani, ng'ombe waliolishwa majani makavu yaliyoota ukungu walikuwa wakivuja damu hadi kufa. Mkemia Karl Paul Link na wenzake walikitafuta kisababishi, wakakipata, na kutokana nacho ikatengenezwa warfarini, iliyoanza kuuzwa kama sumu ya panya mwaka 1948. Sumu za ukoo huo huzuia vitamini K isitumike tena mwilini, damu ikashindwa kuganda. Kifo huja baada ya siku kadhaa, kwa hiyo panya hashuku chakula.

Tatizo ni mahali anapofia. Wauzaji wa gulioni husema atatoka nje kutafuta maji. Si kweli, mgonjwa hurudi kiotani, na kiota kiko ukutani. Harufu utaivumilia kwa wiki nzima au zaidi, na paka au bundi aliyemla panya mwenye sumu naye anaweza kufa. Baya kuliko yote ni kusukumiza vidonge vya kufukizia nafaka kwenye matundu ya chumba cha kulala. Gesi yake ni fosfini ileile, na haichagui kati ya panya na mtoto aliyelala.

Afya ni sababu nyingine ya kutodharau wageni hawa. Mkojo wa panya hueneza homa ya mgunda, ambayo Julai 2022 ilitangazwa mkoani Lindi, wagonjwa 20 na vifo 3. Kimelea chake kilitambuliwa Japani mwaka 1915 na Inada na Ido, katika eneo la Kyushu ambako wachimbaji wa makaa ya mawe walikuwa wakiugua sana. Mchimbaji anayeshinda kwenye duara la mgodi lenye maji, miguu ina michubuko, kisha analala kambini kando ya gunia la unga, ana sababu ya kuisikiliza habari hiyo.

Kazi yenyewe ianze na magunia: yainuliwe kwenye kichanja, yaachane na ukuta, au nafaka ihamie kwenye pipa la chuma lenye mfuniko. Kisha matundu, ukianzia juu kwenye bati. Jaza waya wa kusugulia sufuria, upige saruji juu yake. Udongo mtupu, mbao na plastiki havifui dafu mbele ya meno yasiyokoma kukua. Chini ya mlango pigilia kipande cha bati.

Mitego iwekwe ikigusa ukuta, upande wa chambo ukielekea ukutani. Panya mweusi huogopa kitu kigeni, hivyo uiache siku kadhaa na dagaa au karanga bila kuitega. Majirani wakitega pamoja ni bora zaidi, maana nyumba iliyosafishwa peke yake hujazwa na ya pili.

Na paka? Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 kutoka Eswatini ulikuta kwamba paka peke yake, au mbwa peke yake, hakuwapunguzia panya uthubutu wa kula kwenye kaya za wakulima. Walipokuwepo wote wawili, panya walikula kidogo. Mwenye nyumba asiyeweza kuwalisha wawili aache tundu moja tu wazi, ategee hapo, na alizibe mitego ikikaa wiki nzima bila kunasa.