Sukuma ya gunia: hesabu ya maji iko kwa simu yako

Juzi nilikuwa napitia taarifa yangu ya malipo ya mwezi nikitafuta pesa zilienda wapi. Nikaona jina moja limejirudia kila baada ya siku mbili tatu: jamaa wa maji wa mkokoteni. Shilingi 100, shilingi 150, tena 100. Nilikuwa nimepanda sukuma kwa gunia ili niache kununua kwa mama mboga, na nilijiona mjanja sana. Kumbe gunia lilikuwa linakunywa pesa.

Kama unaishi Umoja, Kayole, Dandora ama Pipeline, hii unaielewa bila kuelezwa. Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini kule Murang'a, ambalo likijaa hubeba takriban mita za ujazo milioni 70. Mvua ikikosa huko juu, sisi huku Eastlands tunaambiwa na mfereji mkavu, hata kama mtaani kumenyesha hadi matope. Mgao ulioanza Januari 2017 ulifundisha wengi wetu kuweka mitungi mingi kuliko viti.

Sasa tupige hesabu. Tuseme mtungi wa lita 20 ni shilingi 20, na gunia unalipa nusu mtungi kila siku. Hiyo ni shilingi 10 kwa siku, 300 kwa mwezi. Kama sukuma ya siku ingekugharimu 20, bado uko mbele. Lakini wiki ya shida, mtungi ukifika 50, zile lita 10 zinakuwa shilingi 25. Umepita bei ya mama mboga, na yeye angekukatia juu.

Kilimo cha gunia si kigeni hapa mjini. Mwaka 2008, baada ya ghasia za uchaguzi, shirika la Solidarités kutoka Ufaransa lilisaidia familia nyingi za Kibera kuanza. Siri ya gunia zuri iko katikati, kwa mawe. Chukua gorogoro lililotolewa sehemu ya chini, lisimamishe katikati ya gunia, ujaze kokoto ndani yake na udongo uliochanganywa na mbolea ya ng'ombe pembeni. Livute juu kidogo, ujaze tena, hadi gunia lijae. Unabaki na nguzo ya mawe kutoka juu mpaka chini. Maji ukiyamwaga hapo yanafikia hata miche ya ubavuni. Bila hiyo nguzo, maji hulowesha juu tu, miche ya chini inanyauka, nawe unafikiri dawa ni kuongeza maji. Hilo ndilo kosa nililofanya mimi.

Kosa la pili lilikuwa saa. Nilikuwa nanyunyizia saa saba mchana, jua likiwa kali, eti naipoza sukuma. Maji mengi yalienda hewani. Mwagilia asubuhi mapema ama jua likishatua, na funika udongo wa juu kwa nyasi kavu ama majani. Kabla ya kumwaga, ingiza kidole: ukikuta unyevu ndani, acha hadi kesho. Gunia langu lilishuka kutoka lita 10 hadi karibu 5 kwa siku, na sukuma haikulalamika.

Na si lazima hizo 5 zote ziwe za kununua. Maji uliyosuuzia mchele na mboga ni mazuri kabisa. Maji ya kufulia yenye sabuni nyingi ama Jik, na yale ya chumvi uliyochemshia chakula, weka mbali na miche. Na tafadhali, usichote mtaroni wala Mto Nairobi hata kama ni bure. Hayo maji yana uchafu wa vyoo na viwanda, na wewe utakula hayo majani. Ukipata lita 3 jikoni na ukanunua 2, hata mtungi ukiwa 50 unalipa shilingi 5 kwa siku. Kama maji ni shida kila wiki, panda kunde badala ya spinachi. Kunde imezoea ukame, uliza mtu yeyote wa Ukambani.

Tukiwa bado Ukambani: wengi wetu tunalala Eastlands lakini bustani iko Kitui ama Makueni, na kazi yetu ni kutuma pesa ya maji. Huko mifereji ya dripu inasaidia sana, kwa sababu tone linaanguka kwenye shina na si katikati ya mistari. Lakini matapeli nao wanajua hivyo. Unaona tangazo la dripu ya robo eka kwa bei ya kutupa, halafu unaambiwa tuma deposit leo, ofa inaisha saa kumi. Pesa inaenda kwa namba ya mtu binafsi, simu inazimwa. Lipa kwa till ama paybill ya duka lenyewe, soma jina linalotokea kabla ya kuthibitisha malipo, na jina lisipofanana na la duka, simamisha hapo hapo. Hakuna muuzaji wa dripu anayehitaji PIN yako. Bora zaidi, mtu wako wa nyumbani aende dukani, aone mzigo, ndipo akupigie ulipe.

Kwa wale wa gunia, jaribu hivi mwezi huu: muuza maji umlipe kwa simu kila mara, hata kama ni mtungi mmoja. Mwisho wa mwezi fungua taarifa, jumlisha jina lake, kisha jumlisha la mama mboga. Langu la mwezi uliopita lilikuwa na malipo manne tu ya maji. Jamaa wa mkokoteni ameniuliza kama nilihama.