Siku za Kungoja Majibu ya Kifua

Asubuhi ya Jumatano, kabla jua halijapanda, benchi la mbao lililo nje ya maabara ya kituo cha afya huwa limekwisha kujaa. Wapo waliokuja kupima malaria, wapo wajawazito waliotumwa kupima wingi wa damu, na pembeni kidogo, karibu na dirisha lililo wazi, huketi wale walioitwa kwa ajili ya kifua. Hawa hawaongei sana. Kila mmoja ameshika karatasi yake iliyokunjwa mara nne, na mlango unapofunguliwa huinua macho wote kwa pamoja.

Kati yao yumo mama muuza samaki wa kukaanga, mwenye umri wa miaka hamsini na kitu. Si mtu mmoja halisi. Ni sura iliyochorwa kutokana na wagonjwa wengi ambao wahudumu wa afya huwakuta kila juma. Anakohoa kwa wiki ya saba sasa. Kikohozi ni kikavu, humzidi usiku, na mbavu humuuma kila avutapo pumzi kwa nguvu. Duka la dawa la mtaani limekwisha kumuuzia chupa tatu za dawa ya kikohozi na vidonge vya aina mbili. Wiki iliyopita alitoa makohozi, akapigwa picha ya kifua, akaambiwa maneno mawili tu: "Utaitwa, mama."

Maneno hayo mawili yamemkosesha usingizi kuliko kikohozi chenyewe.

Katika Kiswahili cha kila siku kifua ni zaidi ya kiungo cha mwili. Mtu akisemwa kuwa "ana kifua", jirani huelewa kuwa ni mgonjwa, na mara nyingi huelewa ugonjwa mmoja tu. Nalo neno wasiwasi, lililotoka katika Kiarabu, lina asili ya mnong'ono: sauti ndogo inayorudia jambo lile lile sikioni. Anayesubiri majibu hahitaji kufafanuliwa asili hiyo. Mchana sauti hiyo huzimwa na kelele za sokoni. Usiku, taa ikishazimwa, huanza: ni kifua kikuu, la, ni saratani, la, ni moyo, na ikiwa ni hivyo, ada ya mtoto italipwa na nani?

Wasiwasi huo hauishii kichwani. Mwili wenye hofu humwaga homoni ya adrenalini katika damu, na papo hapo moyo huenda mbio, misuli ya kifua hukaza, pumzi huwa fupi na za haraka. Mtu akipumua haraka kupita kiasi, hewa ya kaboni dayoksaidi hupungua mwilini mwake. Vidole na midomo huanza kufa ganzi, kichwa huwa chepesi, naye huhisi kwamba hewa haimtoshi ingawa anayo tele. Hapo ndipo mzunguko unapofunga. Kifua kilichobanwa na hofu huchukuliwa kuwa ushahidi wa ugonjwa unaohofiwa, hofu huongezeka, na kifua hubanwa zaidi. Kumwambia mgonjwa wa namna hii kwamba "ni mawazo tu" ni kosa la aina mbili: maumivu yake ni ya kweli hata kama chanzo chake ni hofu, na tena hofu hazuii ugonjwa mwingine kuwamo. Mtu anaweza kuwa na wasiwasi na kichomi kwa wakati mmoja.

Kwa sababu hiyo ipo mipaka ambayo mgonjwa anayesubiri majibu anapaswa kuijua kwa moyo. Maumivu makali yanayogandamiza katikati ya kifua, hasa yakisambaa hadi bega, mkono au taya pamoja na jasho jembamba, kukohoa damu, kuishiwa pumzi akiwa amekaa tu, midomo kugeuka rangi ya buluu, kuzimia, au kukosa pumzi ghafla huku mguu mmoja umevimba: haya hayangojei Jumatano. Ni ya kwenda hospitali saa ile ile, hata kama ni usiku wa manane, na hata kama kadi ya miadi inasema wiki ijayo.

Yaliyobaki ndiyo ya kungoja, na kungoja hupungua uzito mtu akijua anangoja nini. Mnamo tarehe 24 Machi 1882 Robert Koch alitangaza mjini Berlin kwamba amekiona kijidudu kinacholeta kifua kikuu. Kabla ya siku hiyo daktari aliweza kugonga kifua kwa vidole, kusikiliza na kukisia. Tangu hapo kukawa na kitu cha kutafutwa kwa darubini katika makohozi. Siku hizi mashine ya GeneXpert, ambayo Shirika la Afya Duniani liliipitisha mwaka 2010, hutafuta chembe za urithi za kijidudu hicho na kutoa jibu kwa muda wa saa mbili hivi, pamoja na kuonyesha kama kijidudu ni sugu kwa dawa ya rifampisini. Mgonjwa husikia habari ya saa mbili, kisha huona siku tano zimepita, akadhani anafichwa jambo. Ukweli kwa kawaida ni mnyonge zaidi: zahanati haina mashine, kikopo chake kimesafirishwa hadi hospitali iliyo nayo, kimepangwa foleni, na karatasi ya majibu inarudi kwa njia ile ile kiliyokwenda nayo. Ikiwa makohozi yameoteshwa maabara, muda ni mrefu zaidi, kwani kijidudu hiki hukua polepole mno. Kuoteshwa huchukua wiki kadhaa hata kama kila mtu amefanya kazi yake sawasawa.

Dakika tano za maelezo haya zingemwokoa yule mama usiku saba. Mhudumu anayempokea mgonjwa wa kifua anamdai muda huo: amwambie kipimo gani kimechukuliwa, kinatafuta nini, jibu linatarajiwa siku gani, nani atalitoa, na afanye nini siku hiyo ikipita kimya. Tarehe iandikwe. Hata tarehe iliyo mbali ni afadhali kuliko "utaitwa", kwa maana neno hilo humfanya mtu ashtuke kila simu inapolia.

Jambo jingine linalohitaji maelezo ni kipimo cha virusi vya UKIMWI. Kila anayedhaniwa kuwa na kifua kikuu hushauriwa kupimwa, kwa kuwa virusi hivyo hudhoofisha kinga inayokizuia kijidudu cha kifua kikuu, na matibabu hupangwa kwa kuyajua yote mawili. Ni utaratibu kwa wote. Lakini mgonjwa asiyeelezwa hutoka chumbani akiamini kwamba daktari amekwisha kuona jambo usoni pake. Vivyo hivyo na maneno chanya na hasi. Wako watu wazima, wenye akili timamu, waliopongezana kwa jibu "chanya" kwa kuwa katika hotuba na magazeti chanya ndilo jambo jema. Mtaalamu wa maabara hawezi kulibadili neno la fomu, bali anayelisoma mbele ya mgonjwa anaweza kusema waziwazi: kijidudu kimeonekana, au hakikuonekana.

Na mgonjwa mwenyewe? Ushauri wa "usiwaze" haujawahi kumsaidia mtu. Kilicho bora ni kuyapa mawazo saa yake. Wataalamu wa afya ya akili huwashauri watu wenye wasiwasi mwingi kutenga nusu saa moja kwa siku, tuseme jioni baada ya kufunga biashara, wakae na hofu zao, waziseme au waziandike. Zikija saa nyingine, waziahirishe hadi saa hiyo. Mwanzoni huonekana kama mchezo wa kitoto. Baada ya siku chache wengi huona kwamba hofu ikishaambiwa ingoje zamu yake, huja zamuni ikiwa imepungua kimo.

Pumzi nayo ina dawa yake. Mtu aketi, alegeze mabega, aweke kiganja juu ya tumbo, avute hewa taratibu kupitia puani, kisha aitoe polepole zaidi kuliko alivyoivuta, kama anayepuliza kaa bila kutimua majivu. Kazi kubwa iko katika kutoa. Dakika chache zatosha. Kupima mapigo ya moyo kila robo saa, kwa upande mwingine, au kujaribu kukohoa ili kuona kama maumivu yapo bado, huongeza hofu wala hakumpi daktari habari yoyote. Daftari dogo humpa: mara moja kwa siku mgonjwa aandike kikohozi kilizidi saa ngapi, kulikuwa na makohozi au la, rangi yake, homa, jasho la usiku, na dawa zote anazotumia, za hospitali na za mitishamba. Ujumbe wa sauti unaozunguka simuni ukitangaza tiba ya siku tatu haustahili kuandikwa humo.

Kishawishi kikubwa kuliko vyote katika siku hizi ni duka la dawa. Mkono mtupu huona aibu, na kumeza kitu huonekana kama kufanya kitu. Lakini baadhi ya antibayotiki, zikiwamo siprofloksasini na levofloksasini, hukitiisha kijidudu cha kifua kikuu kwa muda bila kukiua chote. Mgonjwa hupata nafuu ya kudanganya, kipimo hushindwa kuona kilichopo, na ugonjwa hurudi ukiwa umepata miezi ya bure.

Nyumbani, tahadhari iwe ile inayofaa. Kifua kikuu huenezwa kwa hewa mtu anapokohoa, si kwa sahani wala kikombe. Kumtengea mama kijiko chake na kumfungia chumbani ni kumwumiza bure, tena chumba kilichofungwa ndicho cha hatari. Madirisha yafunguliwe, akae barazani, afunike mdomo akohoapo. Ikiwa kuna mtoto wa chini ya miaka mitano, mhudumu aambiwe. Na inafaa mtu mmoja, dada au shoga anayeaminika, ajue tarehe ya majibu na aende naye. Aliyeshikwa na hofu husikia nusu ya anayoambiwa. Wa pili husikia nusu iliyobaki.

Hata lile jibu linalohofiwa zaidi lina upande ambao mnong'ono hausemi. Kifua kikuu cha kawaida hutibiwa kwa miezi sita, na nchini Tanzania dawa zake hutolewa bila malipo. Miezi hiyo sita haikutoka mbali: majaribio yaliyothibitisha kwamba muda unaweza kufupishwa kutoka mwaka mmoja na nusu yalifanywa mwanzoni mwa miaka ya 1970 pamoja na wagonjwa wa Afrika Mashariki wenyewe. Kadhalika si kila kikohozi kirefu ni kifua kikuu. Pumu, kiungulia kinachopanda hadi kooni, moshi wa kuni na moyo uliochoka, vyote hukohoza.

Saa nne na nusu mama muuza samaki anaitwa. "Shikamoo dokta," anaitikia kwa mazoea, kabla hata hajatazama na kuona kwamba daktari ni kijana wa umri wa mwanawe.

"Marahaba ni yako, mama. Shikamoo. Keti." Kijana anaifungua karatasi. "Kijidudu cha kifua kikuu hakikuonekana. Picha ya kifua nayo haina doa. Lakini bado unakohoa, kwa hiyo hatujamaliza. Nionyeshe daftari."

Anasoma ukurasa wa dawa, anarudi nyuma, anauliza dawa ya presha alianza lini. Miezi mitatu iliyopita, mama anajibu. Enalaprili, kila asubuhi. Hakuna aliyewahi kumwuliza. Dawa za jamii hiyo, pamoja na kaptoprili na lisinoprili, huwaletea baadhi ya watu kikohozi kikavu kisichokoma, na wanawake zaidi kuliko wanaume. Mbavu huuma kwa sababu misuli imechoka kukohoa.

Haachishwi dawa hivi hivi, maana presha isiyotibiwa ni hatari kuliko kikohozi. Anabadilishiwa ya aina nyingine. Anaambiwa kwamba kikohozi huweza kuchukua wiki kadhaa kwisha, kwamba kisipopungua, au akianza kukonda, kupata homa au kukohoa damu, uchunguzi utaendelea, na kwamba moshi wa jiko lake la samaki utazungumzwa siku ile. Daktari anaandika tarehe, wiki nne mbele, na jina la nesi wa kumwuliza asipomkuta yeye.

Mama anaisoma tarehe mara mbili, anaikunja karatasi mara nne, na anaomba kalamu aiandike pia katika daftari.