KARAMU YA HARUSI BILA PICHA

Mwezi huu tumewatembelea baba na mama mmoja, majirani zetu hapa Nyarugusu. Walifunga ndoa Baraka, Kongo, mwaka 1995. Mwaka uliofuata vita vikaja, wakavuka Ziwa Tanganyika bila hata picha moja ya siku ile. Basi tukawaomba watusimulie karamu yao.

Baba anasema wageni walijaa uwanja mzima. Mama anacheka: "Usiwadanganye walimu! Viti tuliazima kanisani, na vingine vilibaki." Ila kwa chakula wanapatana: bugali ya muhogo, sombe, mikebuka ya kukaanga, na mbuzi mmoja aliyegawanywa mpaka kila mtu akaonja. Redio ikaishiwa betri mapema. Ndipo mdogo wake mama akaanzisha wimbo, wanawake wakaitikia, wakapiga ndoo kama ngoma hadi usiku.

Hapo mama alinyamaza. Walipotezana na huyo mdogo wake katika kukimbia, na mpaka leo hawana habari zake. "Picha yake sina," alisema. "Nikisimulia harusi, namuona anaimba."

Watoto wao wamezaliwa kambini. Mama mdogo hawajamuona, lakini wimbo wake wanaujua wote. Walituimbia.

Wazazi, tunawaomba muwasimulie watoto harusi zenu: nani alikuja, nani alipika, nani aliimba. Na ninyi vijana, chukueni daftari, muandike majina yote. Wengine hawana picha popote, wamebaki katika masimulizi ya wazazi wetu tu.