Hati za Nyumbani ni Amana

Katika aya ya 282 ya Suratul Baqara, Mwenyezi Mungu ametuamrisha kuandikiana madeni. Kilichoandikwa nacho chahitaji kuhifadhiwa, na hapa pwani unyevu na mchwa havina huruma kwa karatasi. Cheti cha nikaha kikiliwa, mjane huhangaika mbele ya Kadhi akidai mirathi yake.

Printa ya nyumbani yenye skana yatosha. Pangusa kioo kwa kitambaa laini kikavu, laza hati kifudifudi, kisha chagua nukta 300 kwa inchi. Kwa picha za kale, 600. Weka nakala moja kwenye kompyuta, nyingine kwenye flashi kwa ndugu mwaminifu.

Hati asili isitupwe. Nakala haichukui mahali pake, bali huhifadhi nambari itakayorahisisha kuomba cheti kingine.