Spika za Masikioni kwa Mpenzi wa Okestra

Ngoma ndogo ya kijeshi, ambayo kila askari aliyepata kupiga gwaride nyuma ya bendi anaujua mlio wake, ndiyo inayofungua Boléro, utungo wa Mfaransa Maurice Ravel uliochezwa kwa mara ya kwanza mjini Paris mwaka 1928. Mpigaji huigusa kwa wepesi mno, na juu yake huinuka filimbi moja. Kisha, kwa muda wa robo saa hivi, ala huongezeka kidogo kidogo, mdundo ukiwa ule ule, mpaka matarumbeta na ngoma kubwa zinapoutikisa ukumbi. Anayetaka kununua chombo cha kubebeka kwa ajili ya kusikilizia muziki wa okestra, na aingie dukani akiwa na utungo huo. Ni vigumu kwa mwuzaji kumdanganya mtu mwenye Boléro mfukoni.

Muziki wa dansi kwa kawaida hurekodiwa kwa sauti iliyo karibu sawa tangu mwanzo hadi mwisho, na ndiyo maana hata redio hafifu huuchezesha vizuri. Okestra haiko hivyo. Hunong'ona, kisha hunguruma. Ndani ya gari la abiria mnong'ono wote humezwa na injini, na msikilizaji, kwa kuwa hasikii kitu, huongeza sauti. Dakika chache baadaye matarumbeta yanafika, na sauti ile aliyoiongeza humwangukia masikioni kwa nguvu zake zote. Hapo ndipo madhara yanapoanza, naye mwenyewe hana habari.

Jambo hili lawahusu askari kuliko watu wengine. Mlio wa bunduki karibu na sikio hupita desibeli 140, na chembe ndogo za ndani ya sikio zinazopokea sauti zikifa hazioti tena. Mtu wa namna hiyo hana akiba ya kuchezea. Shirika la Afya Duniani limeweka kipimo cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa juma kwa mtu mzima. Kila zinapoongezeka desibeli 3, muda huo hukatwa nusu: kwa desibeli 83 ni saa 20, kwa 86 ni saa 10, kwa 89 ni saa 5 tu. Aliyetoka kwenye shabaha huku masikio yakimvuma, heri aziache spika sandukuni mpaka siku nyingine.

Basi swali la kwanza dukani lisiwe spika ipi ina sauti kubwa, bali ipi inazuia kelele za nje hata sauti ndogo ikatosha. Zile ndogo zenye ncha za mpira, zinazoziba tundu la sikio, hufanya kazi hiyo vizuri kwa bei nafuu, alimradi ncha iwe ya kiasi cha sikio la mwenyewe. Ikiwa ndogo, besi zote hupotea, na mnunuzi hulaumu kiwanda bure. Zile kubwa zilizofungwa nyuma hufunika sikio zima na huchosha kidogo wakati wa joto. Ziko pia zenye mtambo wa betri wa kufuta kelele; hizo hupunguza sana mvumo wa injini na wa ndege, lakini bei yake ni kubwa. Wala mtu asizivae akidhani zitamkinga na milio ya bunduki mazoezini. Hazikutengenezwa kwa kazi hiyo.

Spika zilizo wazi nyuma ndizo zinazoupa muziki nafasi, hata fidla zikasikika kwa mbali upande wa kushoto na mabesi upande wa kulia, kama zinavyokaa mara nyingi ukumbini. Ila huvujisha sauti. Katika nyumba za kambini, ambako ukuta ni mmoja na mtoto amekwisha lala, si za kununua.

Kuhusu chombo chenyewe, fedha nyingi hazihitajiki. Walkman ya kwanza ya kampuni ya Sony, iliyotoka Japani mwaka 1979, ilikuwa na matundu mawili ili watu wawili wasikilize pamoja, jambo la kupendeza kwa mume na mke. Lakini mchakato wa kanda ya kaseti uliufunika mnong'ono wa okestra. Simu ya kawaida ya leo haina mchakato huo. Kasoro yake ni kwamba nyingi hazina tena tundu la waya, hivyo hununuliwa kiunganishi kidogo. Atazamwe pia mwenye kuuza spika za omu 250 au 300: hizo ni za studio, na simu nyingi hazina nguvu ya kuziendesha. Za omu 16 hadi 32 zinafaa.

Muziki uliohifadhiwa kwa faili za FLAC haupotezi kitu, na kadi ya gigabaiti 32 huchukua takriban saa 90 za aina hiyo. Programu ya kuchezea ijaribiwe kwa Simfoni ya Tano ya Beethoven: sehemu ya tatu huingia katika ya nne bila kituo. Ikiwa panasikika ukimya katikati, programu hiyo ibadilishwe. Zilizo bora hupatikana bure.

Mwisho, watoto. Wao watazivaa spika hizo baba akiwa zamu, na kipimo chao ni desibeli 75 kwa saa 40 kwa juma. Simu nyingi zina mahali pa kufunga kiwango cha juu cha sauti. Mama akifunge siku ile ile simu inapoingia nyumbani.